Kuhama intaneti ya nyumbani: kufunga kunalipwa, kufungua hakulipwi

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuzungumzie jambo linalowasumbua wakazi wengi wa Mwanza, na ambalo sisi mafundi wa mitandao ya majumbani tunalishughulikia kila wiki: mtu anataka kuhama kutoka kampuni moja ya intaneti kwenda nyingine, na anajikuta hayuko huku wala kule.

Kwa simu ya mkononi jambo hili lilishapatiwa dawa. Tangu tarehe 1 Machi 2017 mwenye laini anaweza kwenda kwa wakala wa mtandao anaoutaka, akatuma neno HAMA kwenda 15080, akahama na namba yake ileile. Intaneti ya nyumbani haina HAMA. Mkazi wa Buhongwa au Pasiansi anayehama anageuka tarishi wa kampuni mbili zisizozungumza. Huku anaaga, kule anajitambulisha, na katikati anakaa siku kadhaa akinunua bando za simu.

Wengi wanadhani kinachowabana ni mkataba. Mkataba upo na usomwe, lakini vifurushi vingi vya nyumbani vinalipiwa kabla, mwezi kwa mwezi, hivyo kuacha kulipa si kazi. Kinachobana ni waya na kiboksi, kile kifaa cha kampuni kinachowekwa ndani ya nyumba. Kazi ya kumfungia mteja mpya ina bei: fundi analipwa kwa kila nyumba aliyoifunga. Kazi ya kumfungua anayeondoka haina bei, kwa hiyo haina mtu.

Athari yake utaiona juu ya nguzo. Faiba ni waya wa kioo unaobeba intaneti kwa mwanga, na nyingi ya majumbani ni ya mfumo uitwao GPON: uzi mmoja wa kioo unatoka kwenye mtambo wa kampuni, unagawanywa na splita hadi kufikia nyumba 32 au 64, kisha unaishia kwenye kisanduku cha nguzoni chenye matundu 8 au 16. Kutoka tundu moja unashuka waya wa mteja mmoja, ule mweusi bapa wenye uzi wa chuma pembeni wa kuubeba. Mteja akiacha kulipa, huduma yake inakatwa ofisini kwenye kompyuta. Plagi yake kule juu haiguswi. Mwaka unapita, mpangaji kahama, kiboksi kimetupwa stoo, lakini tundu lake bado limekaliwa.

Sasa anakuja mteja mpya, pengine jirani aliyechoshwa na kampuni nyingine. Fundi anapanda, anafungua kisanduku, anakuta matundu yote yana plagi. Hapo kuna njia mbili, zote mbaya. Ya kwanza ni kumwambia mteja nafasi hakuna, asubiri kisanduku kingine. Ya pili, inayofanywa na fundi mwenye haraka, ni kuchomoa plagi isiyo na kibandiko akiamini ni ya mtu aliyeondoka. Ikiwa amekosea, nyumba ya tatu kutoka hapo taa ya LOS, ile ya kuonyesha mwanga haufiki, inawaka nyekundu saa hiyohiyo. Mwenye nyumba anapiga simu, kesho anakuja fundi mwingine, naye anachomoa ya mwingine. Kuna mitaa ambako mzunguko huu umekuwa ndiyo maisha, na wateja wanasema faiba ni mbovu, ilhali kioo chenyewe hakina kosa lolote.

Kipimo cha kumaliza ubishi kipo. Kuna pawamita ya PON, yaani kipima mwanga wa faiba, inayowekwa katikati ya tundu na waya wa mteja, inayosoma mwanga wa nanomita 1490 unaoshuka kutoka mtamboni na ule wa 1310 unaopanda kutoka nyumbani. Waya usio na 1310 inayopanda hauna kiboksi kinachofanya kazi mwisho wake. Hata hapo fundi asichomoe kwanza, kwa sababu huenda nyumba hiyo haina umeme muda huo. Apige simu ofisini, aulize kama akaunti ya tundu hilo ipo hai, ndipo achomoe na kuandika. Ni dakika tano, na hakuna anayelipwa dakika hizo tano.

Basi anayetaka kuhama asiulize tu, "Mnafika mtaani kwetu?" Jibu litakuwa ndiyo. Aulize kisanduku kilicho karibu kiko mita ngapi kutoka ukutani kwake, kina tundu lililo wazi lililothibitishwa, na katikati zinahitajika nguzo ngapi. Kwetu swali la nguzo lina uzito wa pekee. Isamilo, Bugando, Igogo na Mabatini nyumba zimekaa juu ya miamba, kuchimba mfereji hakuwezekani, kila kitu kinapita juu. Nyumba inayoonekana iko jirani na barabara inaweza kuhitaji nguzo tatu kwa sababu waya hauwezi kulala juu ya jabali wala kupita juu ya paa la mtu bila ruhusa yake. Nguzo hizo nani ananunua? Liandikwe kabla ya malipo.

Wateja pia huuliza kama waya wa zamani unaweza kutumiwa na kampuni mpya. Kiufundi, mara nyingi ndiyo. Kioo ni kilekile. Kikwazo cha kwanza ni umiliki: waya huo ni mali ya aliyeuleta, na fundi wa kampuni nyingine akiugusa bila idhini anajiingiza matatani. Cha pili ni kidogo kwa umbo lakini kimeharibu mitandao mingi, nacho ni rangi ya plagi. Plagi ya kijani imesagwa kwa mshazari wa digrii 8. Ya bluu uso wake haukusagwa mshazari. Zote mbili zinaingia kwenye soketi moja bila kukataa, zinabana "tak", na taa ya kiboksi inaweza hata kuwaka kijani. Lakini nyuso hazikutani vizuri: mwanga unapotea na mwingine unarudi ulikotoka. Usiku mteja anaona mtandao unakatakata, fundi anabadilisha rauta, anabadilisha adapta, tatizo linabaki palepale. Kijani kwa kijani, bluu kwa bluu. Mteja mwenyewe anaweza kulikagua hili kwa macho, kabla fundi hajashuka ngazi.

Namba ya kudai ni hii. Mwanga unaofika nyumbani hupimwa kwa dBm, kizio cha nguvu ya mwanga, na husomwa kwa hasi. Kati ya -15 na -25 ni mzuri. Viboksi vingi vya kawaida kikomo chake ni -27. Ukiwa umefungiwa kwenye -26 na fundi akasema "inafanya kazi", ni kweli inafanya kazi leo. Kila dB 3 zinazopotea ni nusu ya mwanga. Plagi ikiingia vumbi, waya ukikunjwa kwenye bawaba ya mlango au ukibanwa na msumari, hiyo nusu inaondoka na mtandao nao unaondoka. Kioo cha zamani hakitaki kona iliyo chini ya milimita 30 kutoka kitovu. Cha kisasa cha majumbani kinavumilia milimita 10. Mwombe fundi aonyeshe pawamita na aandike namba hiyo kwenye karatasi ya kazi pamoja na tarehe. Siku mtandao utakapolegea, hiyo karatasi ndiyo shahidi wako. Na tafadhali, mtoto asichungulie ncha ya waya wa faiba. Mwanga wake hauonekani, lakini upo.

Kwa wale wanaopata intaneti kwa redio ya juu ya paa, yaani antena inayopokea kutoka mnarani, kuhama kuna sura nyingine. Redio inahitaji kuona mnara bila kizuizi, na Mwanza vilima vinasaidia na kuumiza vilevile. Aliye Capri Point anaweza kuona mnara wa mbali ng'ambo ya ghuba, lakini mawimbi yanayopita juu ya maji yanaakisiwa na uso wa ziwa, na yale yaliyoakisiwa yanaweza kugombana na yaliyokuja moja kwa moja. Pima jioni na alfajiri kabla ya kulipa, siyo saa sita mchana peke yake. Halafu kuna radi. Ukanda huu wa ziwa una radi kali, nyingi zikipiga usiku, na waya wa shaba unaoshuka kutoka kwenye redio ni njia nzuri ya kuileta ndani. Redio ya zamani ikiachwa juu ya paa na waya wake ukining'inia hadi nyuma ya televisheni, ni hatari isiyo na faida. Ishushwe. Anayeacha huduma ana haki ya kudai ishushwe.

Tuingie ndani. Kiboksi cha faiba kinatambuliwa na mtambo kwa serial namba yake, na mara nyingi programu yake imefungwa kwa kampuni iliyokitoa. Kukihamishia kampuni nyingine ni nadra kufanikiwa, hata kama kwa sura vinafanana kama mapacha, kwa hiyo usikinunue mtaani kwa mtu anayehama ukidhani umeokoa fedha. Vivyo hivyo rauta ya laini ya simu: nyingi zimefungwa kwa mtandao mmoja. Na laini iliyomo imesajiliwa kwa alama zako za vidole. Ukiiacha rauta kwa mpangaji anayefuata umemwachia na jina lako. Omba laini hiyo ifutwe, kisha piga *106# uhakikishe haimo tena kwenye orodha yako.

Unaporudisha kifaa, piga picha ya kibandiko cha chini chenye serial namba. Rudisha na adapta yake. Dai risiti inayotaja serial namba hiyo na tarehe, siyo maneno ya kaunta kwamba "tumeshapokea, mama, usijali". Madai ya kifaa yanayokuja miezi sita baadaye ni ya kawaida, na bila risiti huna la kujibu. Adapta nayo ina mtego wake: karibu zote zina tundu linalofanana, lakini moja ni volti 12 ampea 0.5, nyingine volti 12 ampea 1.5, nyingine volti 9. Ukirudisha ile kubwa ukabaki na ndogo, rauta itawaka vizuri, na kila watu watatu wakifungua video itajizima na kuwaka upya. Fundi anaitwa, anapima mwanga, mwanga mzuri. Kumbe ni adapta.

Sasa mbinu ambayo ingewaokolea watu nusu ya usumbufu: jina la Wi-Fi na nenosiri. Ukifunga rauta mpya, ipe jina na nenosiri vilevile vya ile ya zamani, herufi kubwa kwa herufi kubwa, nafasi kwa nafasi. Simu, televisheni, printa na kamera zitaunga zenyewe kana kwamba hakuna kilichobadilika. Zima ya zamani kwanza, zisipigane. Kamera nyingi za bei nafuu husoma gigahezi 2.4 tu, rauta mpya ikiwa imeunganisha 2.4 na 5 chini ya jina moja, kamera inaweza kugoma. Zitenganishe, 2.4 ibaki na jina la zamani, 5 ipewe jina lake.

Mwenye kamera za CCTV zenye kinasio (kifaa cha kurekodi picha), au printa ya dukani, aangalie pia anwani ya ndani ya mtandao (IP). Kama rauta ya zamani ilikuwa 192.168.1.1 na mpya ni 192.168.100.1, kinasio kilichopewa anwani ya kudumu kitapotea ingawa kimewaka. Badilisha anwani ya rauta mpya ifanane na ya zamani, kazi ya dakika mbili. Tatizo gumu zaidi ni la kuangalia kamera ukiwa mbali. Ingia kwenye ukurasa wa rauta, soma anwani ya upande wa nje. Ikiwa inaanzia kati ya 100.64 na 100.127, kampuni imewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya pamoja, na kufungua milango (port forwarding) kwenye rauta hakutasaidia kitu. Tumia huduma ya wingu ya kinasio chenyewe, au uliza bei ya anwani ya peke yako kabla hujahama, siyo baada.

Kuhusu tarehe tuna neno moja tu, nalo tunalishikilia: usikate ya zamani kabla ya mpya kufanya kazi siku saba. Kama kifurushi chako kinaisha tarehe 28, panga fundi wa kampuni mpya aje kati ya tarehe 15 na 20. Ndiyo, kuna siku utakuwa umelipia mbili. Ni nafuu kuliko wiki mbili za bando. Uliza pia kama bei iliyotangazwa imejumuisha VAT.

Siku hizo saba zitumie kupima, na kupima kwenyewe kufanywe kwa waya wa LAN kutoka kwenye rauta hadi kwenye kompyuta, mara tatu: asubuhi, mchana, na kati ya saa mbili na saa nne usiku ambapo mtaa mzima uko mtandaoni. Ukilipia megabiti 200 ukapata 94 kila saa, usigombane na kampuni kwanza. Angalia tundu na waya. Baadhi ya viboksi vina tundu moja la gigabiti na mengine ya megabiti 100, na waya wa LAN wenye nyuzi nne tu zilizogusa badala ya nane nao unaishia hapohapo. Kipimo cha Wi-Fi chumbani, kuta mbili kutoka sebuleni, hakithibitishi chochote kuhusu kampuni.

Na umeme ukikatika? Splita na kisanduku cha nguzoni havihitaji umeme. Faiba itaendelea iwapo mtambo wa kampuni una akiba yake na wewe una akiba yako. Kiboksi cha kawaida kinakula wati 6 hadi 8. Betri ndogo ya UPS ya volti 12 yenye wati-saa 30 inakibeba karibu saa nne. Kama rauta ni kifaa cha pili, gawanya kwa mbili.

Mhariri, hayo ni ya mteja. Mengine mteja hayawezi.

Uingereza, tangu tarehe 12 Septemba 2024, anayehama intaneti ya nyumbani anazungumza na kampuni mpya peke yake, na hiyo ndiyo inayopanga kuondoka kwake kule alikokuwa. Afrika Kusini kuna mitaa mingi ambako mwenye waya ni mmoja na wauza intaneti juu yake ni wengi. Mteja anabadilisha muuzaji, waya hauguswi na mtu. Hatuhitaji kwenda mbali, tunao mfano wetu: mita ya LUKU. Mpangaji anaondoka, mita inabaki ukutani, anayeingia ananunua umeme kwa namba ileile. Hakuna anayekuja kuvuta waya mpya kutoka kwenye nguzo kwa kila mpangaji. Kwa intaneti tunafanya hivyo kila siku, na nguzo zetu za Nyakato na Igoma zinaonyesha matokeo yake, nyaya zilizokufa zikiwa zimejiviringisha juu ya zilizo hai.

Tunaomba Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ambayo ofisi yake ya Kanda ya Ziwa ipo hapahapa Mwanza, itengeneze utaratibu wa kuhama kwa intaneti ya nyumbani kama ilivyofanya kwa namba za simu: kampuni mpya iongoze, ya zamani itoe hati ya kumaliza yenye serial namba ya kifaa kilichorudishwa, na tundu la nguzoni liachwe wazi na liandikwe kuwa wazi ndani ya siku zilizotajwa. Kampuni zenyewe hazina haja ya kusubiri sheria kuanza kumlipa fundi kwa kufungua kama zinavyomlipa kwa kufunga; tundu moja lililookolewa ni mteja mmoja mpya bila kununua kisanduku. Mteja mwenye malalamiko ayapeleke kwanza kwa kampuni, kwa maandishi, atunze nakala, kisha aende TCRA. Baraza la Ushauri la Watumiaji, TCRA-CCC, nalo lipo kwa ajili hiyo hiyo. Kulalamika kwa fundi hakuhesabiwi popote.

La mwisho ni kwa Halmashauri ya Jiji la Mwanza na Manispaa ya Ilemela. Ramani za nyumba zinapopitishwa, ziwe na bomba moja la milimita 25 kutoka ukuta wa nje unaotazama nguzo hadi nyuma ya mahali pa televisheni, lenye kona pana na waya wa kuvutia ndani yake, na kisanduku kidogo kila mwisho. Lisipitishwe pamoja na nyaya za umeme. Likiwekwa kabla ya lipu, gharama yake ni ndogo. Baada ya lipu, kila kampuni inayokuja inatoboa tundu lake, na mwenye nyumba anakuwa na haki ya kumkatalia mpangaji.

Ni sisi,
Mafundi wa mitandao ya majumbani,
Kirumba, Mwanza